Mbalamwezi Isiyo Kwenye Kalenda

Wauza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, hawashtushwi na mbalamwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, mitumbwi hulala ufukweni siku kumi hivi, na kila mtu sokoni alishajiandaa. Mwenye akili ana magunia makavu stoo na hela ya kula. Utulivu huo huwa nauonea wivu kila madereva wanapogoma.

Ijumaa ya Aprili 10, 2015, madereva waligoma nchi nzima, wakipinga agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni. Mei 4 wakagoma tena. Mikataba ya ajira ilikuwa kilio chao kikubwa. Hapa Mwanza daladala zimewahi kusimama pia kwa kugombea abiria na bajaji. Siwalaumu. Dereva asiye na mkataba naye ni mchuuzi tu, anasaka hesabu ya tajiri kabla ya kusaka yake.

Lakini mgomo hauumizi wote sawasawa. Muuza nguo wa Makoroboi hukosa wateja wa Kisesa na Buhongwa. Mama lishe wa stendi ya Buzuruga, penye abiria waliokwama, anaweza kumaliza sufuria kabla ya saa sita, mradi mchele uliingia jana na msichana wake wa kazi hakai mbali. Wengi tunahesabu mtaji kwa bidhaa, tunasahau miguu inayozileta.

Tena mgomo, ingawa hauko kwenye kalenda kama mwezi, hunong'onwa kabla. Makonda huanza kuuzungumza kwenye chai, na anayewamiminia chai ndiye wa kwanza kusikia. Akisikia, anunue mchele, unga na maharage, nyanya aziache. Bodaboda apatane naye bei mapema, maana asubuhi ya mgomo nauli hupanda na dereva asiyekujua hana sababu ya kukuhurumia. Namba za wateja ziwe kwenye simu, wajue kama umefungua.

Nawafahamu wauza viungo wawili pale Mlango Mmoja. Mmoja anakaa Mabatini, anakuja kwa miguu. Mwenzake anatoka Igoma. Usafiri ukisimama, wa Mabatini hufungua vibanda vyote viwili, huuza kutwa, na jioni humtumia mwenzake pesa yake kwa simu. Ufunguo wa akiba anao siku zote, na hawajawahi kuandikiana chochote.