Mstari wa Tisa

Baba mdogo alifuta mstari wa tisa akiwa amesimama, hata koti hajavua. Ilikuwa Februari, saa tano usiku, ametoka kuegesha lori, na theluji ilikuwa haijayeyuka mabegani mwake. Aliinama juu ya laptopu yangu, kidole kikashuka polepole kwenye skrini mpaka palipoandikwa "Dirisha la kutokea, dola 4,800." Akacheka.

"Dirisha moja? Kwa hela hii naezeka nyumba nzima Muheza."

Akabonyeza. Mstari ukapotea, jumla ikashuka kutoka dola 22,400 hadi 17,600. "Umeona? Hii sasa ndiyo bajeti," alisema, akaenda kupasha wali wake.

Nieleze kidogo kwa wasiozijua nyumba za huku. Tunaishi pembezoni mwa Columbus, Ohio, kwenye nyumba isiyo na ghorofa, ya vyumba vitatu, ila chini yake kuna besimenti. Wakati wa baridi udongo wa Ohio huganda, na msingi usiposhuka chini ya kina kile, barafu huuinua na kuupasua. Kwa kuwa shimo ni lazima lichimbwe, wajenzi huchimba zaidi kidogo wakapata chumba kizima chini ya nyumba. Kwetu msingi hujazwa kifusi ukasahaulika. Huku msingi unakaliwa. Wa kwetu ulikaliwa na mashine ya kupasha joto, tangi la maji ya moto, mashine ya kufulia, mabegi ya nguo ambazo kila mwaka tunasema tutazipeleka nyumbani, na mimi, juu ya godoro, tangu nilipofika kusoma shahada ya uzamili ya takwimu.

Karatasi za Bibi zilikuwa zimekamilika na angefika Agosti. Ngazi haziwezi tena, hivyo angechukua chumba cha wadogo zangu, karibu na choo, na wao wawili, mmoja ana miaka 14 na mwingine 10, wangehamia chini. Baba mdogo alikuwa amedunduliza dola 26,000 kwa miaka minne. Alitaka besimenti isizidi 20,000. Zilizobaki zilikuwa za bati za nyumba yake ya Muheza, ambayo kuta zake zimesimama tangu 2016 zikinyeshewa mvua, na ambayo Bibi alikuwa akiipita kila alipokwenda sokoni.

Bajeti nilipewa mimi kwa sababu nasoma takwimu, na katika ukoo wetu ukisema takwimu watu wanasikia hesabu za duka. Sikukataa. Nilikuwa nakaa bure.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba besimenti haianzi na rangi wala mbao. Inaanza na maji. Tulibandika vipande vya nailoni kwenye sakafu kwa gundi ya karatasi, pembe zote zikazibwa, tukaviacha siku mbili. Matone yakitokea juu ya nailoni, unyevu ni wa hewa ya chumbani. Yakitokea chini yake, zege lenyewe linapitisha maji. Yetu yalitokea chini, kwenye kona moja tu, ile ambayo bomba la mvua kutoka paani lilikuwa linamwaga maji kandokando ya ukuta. Kurefusha bomba na kuziba ufa: dola 900.

Halafu radoni. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inatoka kwenye udongo na miamba yenye urani, inapenya nyufa za sakafu na kukusanyika chini ya nyumba. Baada ya sigara, hiyo ndiyo sababu kubwa ya pili ya saratani ya mapafu Marekani. Tulinunua kipimo, tukakituma maabara, jibu likarudi 6.1, na mamlaka ya mazingira ya nchi hii inashauri nyumba irekebishwe kuanzia pikokiuri 4 kwa lita ya hewa. Nilihesabu usiku niliolala pale. (Nilihesabu mara moja tu, kisha nikaacha.) Baba mdogo aliisoma karatasi ya maabara akasema, "Weka." Dola 1,300, bomba linalonyonya hewa chini ya zege na feni ya kuitoa juu ya paa. Hakubishana hata sekunde moja.

Mengine yalikuwa kazi ya kuuliza bei na kujumlisha. Kibali 600. Mbao na povu gumu la kuzuia baridi 3,400, povu libandikwe kwenye zege kwanza, kisha fremu, na ubao unaogusa sakafu uwe uliotiwa dawa ili usioze. Umeme 3,600. Bodi za jipsam na rangi 4,300. Sakafu 2,400. Milango na kurekebisha ngazi 1,100. Kisha lile dirisha.

Kanuni inasema chumba cha kulala chini ya ardhi kiwe na mahali pa kutokea moto ukizuka: dirisha ambalo uwazi wake haupungui inchi 20 kwa upana na inchi 24 kwa kimo, na kizingiti chake hakizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Halafu inaongeza kwamba eneo lote la uwazi nalo lina kiwango chake cha chini. Ukichukua 20 kwa 24 hukifikii. Yaani huruhusiwi kuchukua kidogo kuliko vyote. Niliipenda kanuni hiyo kama mtu anavyopenda swali zuri la mtihani. Kwetu ilimaanisha kukata zege la ukuta, kuchimba shimo nje na kuweka ngazi ya chuma ya kupandia, maana madirisha tuliyokuwa nayo yalikuwa mawili madogo ya matofali ya kioo, yale yanayoingiza mwanga na hayafunguki.

Baba mdogo alikuwa na dawa. Kwenye maombi ya kibali tungeandika "chumba cha michezo". Mkaguzi aje, apitishe, aondoke, vitanda vishuke. Kila mtu anafanya hivyo, alisema, na nilipouliza watu niligundua hakuwa anadanganya.

"Na moto je?"

"Moto upi? Ngazi si hizo hapo."

Hapo ndipo nilipaswa kusema, nikanyamaza.

Januari ile, usiku mmoja yeye akiwa safarini Tennessee, mama mdogo alirudi kutoka zamu yake ya pili kwenye nyumba ya kulelea wazee. Aliteleka mafuta ya maandazi ya asubuhi, akakaa kwenye kochi dakika moja kupumzika, akalala. King'ora cha moshi kiliniamsha. Jiko letu liko juu kabisa ya ngazi, ukimaliza kupanda unaligusa. Nilifika ngazi ya nne nikakuta moshi umeshuka mpaka usoni, mweusi, wenye harufu ya chuma. Nikarudi chini. Nilisimama katikati ya besimenti nikitazama yale matofali ya kioo, na nakumbuka nilifikiri kwa utulivu wa ajabu kwamba taa ya barabarani inaonekana vizuri sana. Kisha nikavuta shuka, nikaziba pua, nikapanda. Sufuria lilikuwa linawaka. Nilizima jiko, nikafunika na mfuniko. Ilikuwa kama dakika mbili zote kwa pamoja. Wadogo zangu hawakuamka.

Mama mdogo alisugua ukuta mpaka alfajiri. Hakuniomba ninyamaze, alinitazama tu. Mwanamke anayefanya zamu mbili ili mama mkwe wake apate chumba hahitaji kuomba. Baba mdogo aliporudi alikuta jikoni kumepakwa rangi mpya na akasifu.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu moja tu ya kulipigania dirisha, nayo haikuwa yangu kuitoa. Nikafanya nilichojua kufanya. Siku mbili baadaye nilimpelekea bajeti mpya. Mbao nilizipandisha kwa dola 900. Umeme kwa 700. Jipsam kwa 1,000. Sakafu kwa 600. Nikaongeza mstari wa dharura, dola 1,600, ambao kila fundi atakwambia uwe nao. Jumla: dola 22,400. Ileile. Dirisha halikuandikwa popote, lakini dola zake 4,800 zilikuwa mle ndani zote, zimejificha kama kuku wa wizi chini ya matenga. Nilipanga bei halisi zitakaporudi chini nijifanye kushangaa, niseme jamani tumebakiza, kwa nini tusitoboe dirisha.

Alilalamika, akaikubali. Nilishangaa jinsi alivyoikubali. Dola 2,400 zilitoka kwenye fungu la bati bila mjadala. Kumbe bei ya mbao haibishaniwi, ni kama hali ya hewa, ila dirisha ni la kutaka au kutotaka.

Nasomea takwimu. Muhula uleule nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kuwakata alama kwa kuchezea data.

Kazi ilianza Aprili. Fundi wetu mkuu alikuwa rafiki yake baba mdogo, Mkongo wa Bukavu, na Kiswahili chake na chetu vilikutana katikati. Alipoona zege akatikisa kichwa: "Hii kazi iko mingi." Alikuwa amepima mchoro wangu kwa macho na akaupata mwembamba kwa nusu futi, nilikuwa nimesahau kwamba ukuta mpya una unene. Ilibidi nichore upya wakinisubiri.

Madereva wa malori hutunza risiti. Hilo nilitakiwa kulijua. Jumapili ya pili ya Aprili baba mdogo alikaa mezani na bahasha yake, miwani puani, na karatasi yangu ya bajeti pembeni. Alinipa kiti.

"Mbao uliandika 4,300. Tumelipa 3,380." Akaweka risiti. "Umeme uliandika 4,300. Fundi umeme kaniambia aliwahi kukutajia 3,600, mwezi wa pili." Akaweka nyingine. "Jipsam sijauliza. Niulize?"

Sikujibu.

"Mtu akikosea, mwanangu, leo anazidisha, kesho anapunguza. Wewe hesabu zako zinakosea upande mmoja tu."

Nimesoma kozi nzima kuhusu hilo jambo, na hakuna profesa aliyewahi kulisema vizuri zaidi. Niliona pia alichokuwa anafikiri, kwamba nilitaka hizo hela. Nilikuwa nadaiwa ada, alijua. Alikuwa anaukunja uso kwa namna ya mtu anayetafuta jinsi ya kusamehe wizi bila kuutaja. Nikafungua mdomo kusema ni za dirisha, na nikajua swali litakalofuata.

"Ni mimi," mama mdogo alisema kutoka jikoni.

Alikuja akiwa amevaa sare ya kazi, akasimama nyuma ya kiti changu, akaeleza yote: zamu, mafuta, kochi, rangi ya ukuta. Hakulia. Alieleza kama anavyoandika ripoti za wazee wake, saa ngapi, nini, nani alikuwepo. (Ameyasoma haya niliyoandika, akaniruhusu. Amenisahihisha: yalikuwa maandazi ya kanisani, si ya asubuhi.)

Baba mdogo alivua miwani. Hakumgeukia yeye, alinigeukia mimi.

"Ulidhani ningejua hayo nisingetoboa?"

Ndiyo, nilidhani hivyo. Au nilidhani angemlaumu mkewe kwanza, na kutoboa baadaye. Sikuweza kusema lolote kati ya hayo mawili, na mpaka leo sina uhakika ni lipi lilikuwa kweli. Nilikuwa nimempangia jibu lake, kisha nikalipia kwa hela zake. Alikusanya risiti, akazirudisha kwenye bahasha moja moja, akatoka kuwasha gari ambalo halikuwa na safari.

Siku mbili hatukusikia sauti yake. Ya tatu watu wa kukata zege walifika, na kibali kilikuwa kimebadilishwa, kimeandikwa chumba cha kulala. Msumeno ulipiga kelele mchana kutwa na vumbi lilipanda mpaka kwenye vikombe. Walipochimba nje wakakuta udongo mzito wa mfinyanzi usiopitisha maji, ikabidi chini ya shimo wajaze kokoto na kuunganisha bomba la kutoa maji: dola 700 ambazo hazikuwa kwenye mstari wowote, wa kweli wala wa uongo. Dharura niliyokuwa nimeiiba ndiyo ilihitajika. Tulifunga hesabu kwenye 23,100. Fungu la bati lilibaki 2,900. Nilimsikia gereji akimpigia fundi wa Muheza, akimwambia asubiri mwaka mwingine, kisha akimuuliza kama kuta za upande wa magharibi zimeanza kulika.

Kabla mkaguzi hajaja, baba mdogo alizima taa zote za chini usiku, akawapanga wadogo zangu vitandani, akapiga kelele "Moto!" Mdogo alitoka kwa sekunde kama kumi, anacheka. Mkubwa alitoka na simu yake. Kisha baba mdogo akasema zamu yake, akavua viatu, na tulimsubiri juu kwenye nyasi muda mrefu tukisikia anavyohema ndani ya shimo, mpaka mkono wake ukashika ngazi ya chuma.

Bibi alifika Agosti. Wiki ya pili alitaka kuona wajukuu wanalala wapi. Tulimshusha taratibu, mimi mbele, baba mdogo nyuma, hatua kwa hatua. Akagusa kuta, akasifu sakafu, akafika kwenye dirisha na kuinama kutazama nje, kwenye shimo na ile ngazi.

"Hili la nini?"

"La kutokea, mama. Kukiwa na hatari."

Akalipima kwa macho, juu mpaka chini. Bibi aliuza vitunguu miaka thelathini, hakuna kitu anachokitazama bila kuuliza.

"Shilingi ngapi?"

Baba mdogo alinitazama. Mimi nikamtazama mama mdogo.

"Lilikuja na nyumba," mama mdogo alisema.