Vitabu vya Mpwa

Machi 4
Ujumbe wa mpwa wangu wa kidato cha sita: "Shikamoo mjomba. Naomba vitabu vya mageuko na akili, ila visiwe vya mtihani." Kwa heshima ningeanza na On the Origin of Species cha Darwin, 1859. Lakini sura ya kwanza ni njiwa wa kufugwa, ukurasa baada ya ukurasa. Atasinzia.

Machi 9
Dawkins, The Selfish Gene, 1976. (Mzaliwa wa Nairobi, huwa nasahau.) Sijasoma maelezo yaliyonyooka zaidi kuhusu jeni na uteuzi wa asili. Wapo wanaoishia kwenye jalada wakadhani kinahalalisha uchoyo. Mwandishi mwenyewe anakana. Ila wanyama wake wanapita mbio, kila mmoja shahidi wa hoja. Si cha kuanzia.

Machi 17
Other Minds, 2016, cha Peter Godfrey-Smith, mwanafalsafa anayepiga mbizi. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, anamkaribia mbwa, na nyingi hazimo kichwani bali kwenye minyiri. Mnyiri unagusa, unaonja, na mambo madogo unayamaliza wenyewe. Babu yetu wa pamoja naye aliishi yapata miaka milioni 600 iliyopita, kijidudu kama mnyoo. Basi akili kubwa imechipuka zaidi ya mara moja, kila moja kwa njia yake. Na pweza wengi huishi mwaka mmoja au miwili tu! Ubongo wote huo wa nini? Jibu la mwandishi: mwili usio na gamba ni windo la kila mtu baharini, kwa hiyo aliyezaa mapema ndiye aliyeacha kizazi. Nitamlaje tena pweza wa Forodhani? (Nitamla.)

Machi 21
Gould, The Mismeasure of Man, 1981. Dawa ya wanaopanga watu kwa namba moja ya akili. Lakini mwaka 2011 watafiti walipima upya mafuvu ya Morton, mtaalamu ambaye Gould alimshutumu kwa vipimo vya upendeleo, wakasema aliyepotoka ni Gould. Kisomwe, penseli mkononi.

Machi 30
Goodall, In the Shadow of Man, 1971. Gombe, 1960: sokwe mtu anachomeka unyasi kwenye kichuguu, anauchomoa umejaa mchwa, anakula. Enzi hizo kutengeneza zana kulihesabiwa kuwa kwa binadamu peke yake. Goodall anatazama kwanza, nadharia baadaye. Na kijana amekulia Kigoma mjini, Gombe hajafika!

Uamuzi: Goodall kwanza, pweza wa pili, Dawkins wa tatu, Gould akitaka ubishi. Darwin abaki kabatini mpaka mtihani uishe.