Picha ya Mama Iliyobaki Nusu



Nyumbani kwangu, wilayani Kongwa, kuna picha mbili ukutani. Ya kwanza ni ya baba. Alipigwa mwaka 1978 na mpiga picha aliyepita kijijini kwa baiskeli. Baba amevaa koti la kuazima. Amesimama wima kama askari. Picha hiyo haina rangi. Ilikaa miaka mingi ndani ya sanduku chini ya kitanda, na mende wameila pembe moja. Lakini uso wa baba unaonekana vizuri mpaka leo.

Picha ya pili ni ya mama. Hiyo niliipiga mimi mwenyewe mwaka 2012, kwa kamera ya kisasa. Ina rangi nzuri. Nayo imebaki nusu. Nataka kukueleza ilikuwaje.

Kamera hiyo niliinunua mwaka 2010 baada ya kuuza mahindi Kibaigwa. Ni Canon PowerShot A480. Inaingia katika mfuko wa shati. Mke wangu alinuna siku mbili, maana tulikuwa tumepanga kununua mabati. Sikumlaumu. Hata mimi usiku ule sikulala vizuri.

Kamera ya namna hii haitumii mkanda. Zamani mpiga picha aliweka mkanda, akapiga, kisha akaupeleka mjini kusafishwa. Hapa hakuna cha kusafisha. Ukibonyeza kitufe, mwanga unaingia kwa mbele, na ndani kuna kitu kinachougeuza kuwa nukta ndogo sana za rangi. Umewahi kuutazama mkufu wa shanga kwa mbali? Unaona mistari na maua. Ukiusogelea unaona shanga moja moja. Picha ya kamera hii ni hivyo hivyo. Ni nukta nyingi zilizopangwa, na kila picha ya kamera yangu ina nukta karibu milioni 10.

Kamera ya kwanza ya aina hii iliundwa Marekani mwaka 1975. Aliyeiunda ni Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6. Picha yake haikuwa na rangi, ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kanda ya kaseti. Wewe unayo kumbukumbu ya redio ya kaseti, basi unaijua kanda hiyo. Kamera yangu haina kanda. Nukta zake zinaandikwa kwenye kadi ndogo, sawa na stempu ya barua. Kadi hiyo ndiyo ghala. Tafadhali ikumbuke, maana ndiyo iliyonitoa machozi.

Miezi ya mwanzo nilijifunza kwa makosa. Kamera inatumia betri mbili, kama zile za saa ya ukutani. Nilinunua za bei rahisi dukani. Zilikufa baada ya picha chache tu, nikadhani nimeuziwa kamera mbovu. Kumbe kamera hula betri kuliko saa. Nikanunua betri za kuchaji, na shida ikaisha. Vumbi nalo ni adui. Lenzi hutoka nje ukiiwasha, na huku kwetu upepo wa kiangazi hubeba mchanga. Ukiingia mchanga mahali pale, lenzi hukwama. Mimi huifunga kamera katika kitambaa safi, kisha katika mfuko wa plastiki. Tena, ukimpiga mtu mchana, mtoe kwenye jua kali umweke kivulini. Ukimwacha juani, macho yake yatakuwa mashimo meusi, naye atakulaumu wewe wala si jua.

Kijijini wakaanza kuniita bwana picha. Nilipiga harusi, nilipiga ubatizo, nilipiga mbuzi wa jirani aliyezaa mapacha watatu. Mtu akitaka picha yake ya karatasi, alitoa pesa, nami nilipeleka kadi mjini. Asiyetoa pesa alitazama tu kwenye kioo kidogo cha nyuma, akacheka, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipokosea, ndugu yangu. Za watu wenye pesa nilizichapisha. Za nyumbani kwangu niliziacha ndani ya kadi. Nilisema, zipo tu, hazili wala hazinywi.

Mama hakupenda kupigwa picha. Alisema picha ni ya watu waliovaa vizuri. Lakini siku moja mwaka 2012, baada ya mavuno, nilimkuta uani akipeta uwele. Jua lilikuwa linazama. Makapi yalipepea mbele yake kama moshi wa dhahabu. Nilimwomba ruhusa. Akasema, "Piga basi, lakini sisimami, kazi hainingojei." Nilimpiga picha 11. Tulizitazama pamoja. Aliinyooshea kidole moja akasema, "Huyu ni mama yangu kabisa." Aliona uso wa bibi yangu ndani ya uso wake.

Mwaka uliofuata nilialikwa kupiga harusi kijiji cha pili. Nilikwenda na mpwa wangu, kijana wa shule. Katikati ya sherehe kamera ikaandika kwamba kadi imejaa. Bibi harusi alikuwa anaingia. Nilimpa mpwa wangu kamera nikamwambia afute picha chache za mbuzi. Maneno ya kamera yangu ni ya Kiingereza. Akabonyeza huku na huku.

"Mjomba, imeandika Format. Nikubali?"

Mimi najua kusoma, lakini neno lile sikulijua. Nikasema, "Kubali, upesi!"

Neno hilo maana yake ni kuifuta kadi yote. Kamera ikasema ina nafasi tele. Tulifurahi. Nikapiga picha za harusi mpaka jioni, juu ya mahali alipokuwa mama.

Nyumbani nilipogundua, nilihuzunika kidogo tu. Mama alikuwa mzima jikoni. Nilisema nitampiga nyingine mavuno yakija. Mavuno hayakumkuta. Alifariki kabla.

Siku ya msiba watu waliuliza picha ya kuweka juu ya jeneza. Mimi, bwana picha, sikuwa nayo hata moja.

Baada ya matanga nilipeleka kadi Dodoma kwa kijana anayetengeneza kompyuta. Alinieleza jambo ambalo nawe nataka ulijue. Mara nyingi kadi ikifutwa hivyo, picha haziondoki mara moja. Kinachofutwa ni orodha yake tu, kama daftari la ghala lililochomwa wakati magunia bado yamo ndani. Ukiacha kupiga pale pale, ukaitoa kadi, fundi anaweza kuzitoa picha. Ukiendelea kupiga, picha mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani. Mimi nilikuwa nimepiga harusi nzima.

Alitumia programu ya bure iitwayo PhotoRec. Tulikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Picha nne zilirudi. Mbili za watoto wa jirani. Moja ya yule mbuzi, nzima kabisa, na mapacha wake watatu. Moja ya mama. Juu, uso wake, kanga ya kichwani na makapi yanayong'aa. Kuanzia kifuani kushuka chini, rangi ya kijivu tupu. Kijana aliomba radhi kana kwamba kosa ni lake.

Niliichapisha siku ile ile, nakala tatu. Moja ninayo, moja iko kwa dada yangu, moja kwa mdogo wangu Morogoro. Siku hizi kamera ninaitumia mara chache, maana simu imechukua kazi nyingi. Lakini simu nayo ina ghala lake, nayo huibwa na huanguka kisimani. Kwa hiyo kila baada ya mavuno nakwenda mjini na pesa ya picha kumi za karatasi. Mke wangu ndiye anayezichagua.

Juzi mjukuu wangu alisimama mbele ya ukuta akaniuliza mikono ya bibi iko wapi. Nikamwambia, imeshika ungo.