Chupa ya gazi ikae nje, kwa sababu wageni wetu wanalala chini

Ndugu wasikilizaji wa Lubumbashi, na ninyi jamaa mliofika huku mkikimbia vita, leo sizungumzi siasa. Nazungumza juu ya chupa ya gazi na jiko la kuchomea nyama, kwani ni jambo ninaloulizwa sana siku hizi katika komini zetu, kuanzia Katuba mpaka Ruashi.

Katika mji wetu hakuna tiyo ya gazi inayopita chini ya barabara na kuingia nyumbani kama ile ya maji. Gazi yetu inakuja ndani ya chupa. Zamani wengi hawakuitafuta, kwa sababu makala yalikuwa karibu. Leo msitu wa miombo umekatwa, na baiskeli zilizobeba magunia ya makala zinatoka mbali zaidi. Umeme nao ukikatika, bukari haiivi. Ndiyo maana nyumba nyingine zimenunua chupa. Baada ya chupa linafika jiko la nje, pengine limetumwa na ndugu aliye Dubai ama Afrika Kusini. Hapo swali linazaliwa: naweza kuliunga kwa chupa ile ile ya jikoni?

Mama mmoja wa kartie yetu, muuza michopo, aliniita nione mpango wake. Amepokea ndugu kutoka Goma, waliohama baada ya mji ule kuchukuliwa mwezi wa kwanza 2025. Usiku mikeka inatandikwa saloni mpaka kwenye mlango wa jikoni. Yeye alitaka chupa ibaki jikoni, kisha apitishe dirishani tiyo ya kumwagilia bustani mpaka kwenye jiko la nje.

“Yaya, si mita nne tu?” aliniuliza.

Nilimwomba aangalie mikeka kwanza. Gazi ya chupa ni propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani karibu mara 1.5, butani karibu mara 2. Ikivuja haipandi kwenye mabati ikatoka. Inashuka, inatembea sakafuni kama maji, inajaa kwenye shimo na chini ya kitanda. Gazi kama sehemu 2 tu ndani ya sehemu 100 za hewa inatosha kuwaka ikipata cheche. Na lita moja ya gazi ya maji iliyo ndani ya chupa inakuwa karibu lita 250 ikitoka nje. Wa kwanza kuivuta ni mtoto na mgeni aliyelala chini.

Mzee mmoja kati ya wageni alisikia, akasema: “Basi ni ndugu ya mazuku.”

Watu wa Goma wanajua. Mazuku ni hewa ya volkano inayokaa kwenye mabonde madogo na kuua mbuzi na watu bila kelele. Mzee alisema kweli, maana zote mbili zinashuka chini. Tofauti ni kwamba mazuku haiwaki, na gazi ya chupa inawaka. Tena gazi ya chupa imetiwa harufu mbaya makusudi, ili pua itambue mapema. Harufu ile ni onyo, msiizoee.

Basi jibu langu kwa mama yule, na kwenu, ni hili: msitoe tiyo ndani kuipeleka nje. Toeni chupa yenyewe nje. Isimame wima, kivulini, mahali pa tambarare, mbali na kisima, mtaro na mlango wa nyumba, wala isikae chini ya jiko linalowaka. Mwenye uwezo aite fundi anayejua gazi. Chupa itakaa nje ya ukuta, fundi atavuta tiyo ya shaba kwenda jikoni na nyingine kwenye jiko la nje, kila moja na robine yake, kisha atazipima kama hazivuji. Asiye na uwezo atumie chupa ndogo ya pekee kwa jiko la nje.

Tiyo laini iwe ya gazi, si ya bustani. Gazi inaharibu plastiki ya kawaida polepole. Tiyo ya gazi imeandikwa tarehe. Ikipita, ama ikionyesha nyufa, badilisheni. Iwe fupi, isizidi mita 2, na ifungwe kwa kolye pande zote mbili. Waya na ukanda wa mpira wa baiskeli si kolye.

Detanderi haikosekani kamwe. Ndiyo inayopunguza nguvu ya gazi kabla haijafika kwenye moto. Someni kibandiko cha jiko: majiko mengi ya chupa yanaandika milibari 30 ama 37, na detanderi iandike vilevile. Kama kibandiko kinasema jiko ni la gazi ya tiyo za mjini, msiliwashe kwa chupa. Matundu yake ni makubwa zaidi, na moto utatoka mkubwa kupita kiasi. Fundi ayabadilishe kwanza.

Kisha tulichanganya sabuni na maji, tukafungua chupa, tukapaka kila kiungo. Kwenye detanderi mapovu yakaanza kukua. Mpira mdogo wa ndani ulikuwa umechakaa. Mama akafunga chupa, akanunua mwingine, tukapaka tena, mapovu hayakuonekana. Fanyeni hivyo kila mnapobadilisha chupa. Msitafute uvujaji kwa kiberiti hata siku moja.

Kuwasha nako kuna utaratibu. Funueni kifuniko cha jiko kwanza, moto uwe tayari, ndipo mfungue robine. Usipowaka, fungeni na mngoje dakika tano. Mkimaliza, fungeni kwenye chupa yenyewe. Na mkisikia harufu ndani ya nyumba, msiguse swichi ya taa wala simu. Fungeni chupa kama mnaifikia, fungueni milango, toeni watu wote, mkianza na waliolala.

Neno moja kwa wasio na chupa. Mvua ikinyesha, ama baridi ya mwezi wa sita ikiuma, mtu anashawishika kuingiza mbabula ya makala saloni, ama kuvuta jiko la gazi kwenye baraza iliyofungwa. Moto wa makala unatoa monoksidi ya kaboni, na moto wa gazi unaweza kuitoa pia ukikosa hewa. Hewa hiyo haina harufu. Mtu analala, haamki. Heri blanketi moja kwa watoto watatu kuliko mbabula ndani ya chumba kilichofungwa.

Mama yule sasa anachoma michopo uani, chupa iko hatua chache kutoka kwenye jiko, na anapika hata bukari kule kule. Anasema moshi umepungua. Wewe unayesoma ama kusikiliza, jioni hii kabla mikeka haijatandikwa, tafuta tarehe iliyoandikwa kwenye tiyo yako, na weka sabuni kidogo kwenye maji.