Kamera ndogo, vumbi jekundu

Kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi la Kibondo na Kasulu huingia kila mahali: kwenye kola za shule, kwenye sufuria, kwenye lenzi. Kamera ndogo ya dijitali, ile ya mfukoni, hutoa lenzi nje kila inapowashwa na kuirudisha ndani inapozimwa. Chembe ya mchanga inatosha kuikwamisha. Anayetoka Kibondo kwenda Kasulu na watoto aiweke kwenye kopo lenye mfuniko, hata kama lami imefika.

Mchana jua ni kali. Mtoto akisimama mbele ya anga jeupe, uso hutoka mweusi tii. Dawa yake ni kuwasha flashi saa hiyo hiyo ya mchana. Watu watacheka, lakini macho yataonekana. Jioni kule Heru Juu, yalikokuwa makao ya mwami, haina haja.

Zumu ya kuaminika ni ya lenzi. Ile ya dijitali hukata tu kipande cha picha na kukikuza, nayo hutoka na ukungu. Betri ya pili ina faida kuliko megapikseli nyingi.

Ukikaribia Makere, kamera ibaki mfukoni. Karibu na hapo ipo Nyarugusu, kambi iliyopokea Wakongo tangu 1996. Picha ya mkimbizi ikisambaa mtandaoni inaweza kumfikia yule aliyemkimbia. Hata watoto wakikimbilia kamera wakicheka, anayeombwa ruhusa kwanza ni mama yao.