Viatu vya Ngozi Haviuawi na Matope, Vinauawa na Haraka ya Kuvikausha

Kama una pea ya viatu vya ngozi ndani na mvua za masika ndo hizi, soma hii kabla hujavianika.

Kuna jamaa mmoja wa Tabata, marehemu baba yake alimwachia pea moja ya viatu vyeusi vya ngozi. Mzee alifundishia navyo miaka na miaka, na bado vilikuwa safi. Jamaa akawa anavitoa siku kubwa tu: harusi, usaili wa kazi, basi.

Mwezi wa nne mvua ikamkuta navyo njiani, vikajaa matope. Usiku ule ule akaviloweka kwenye beseni la sabuni ya unga, asubuhi akaviweka juu ya bati, jua la kufa mtu. Jioni vimekauka kweli, ila vimekakamaa kama ubao, na pale vidole vinapokunjia pana nyufa.

Akakimbia navyo kwa fundi viatu wa kituoni. Mzee wa watu akavigeuza mara mbili, akauliza: "Mwanangu, wewe ukioga kwa sabuni ya kufulia, halafu ukakaa juani bila mafuta, si unapauka?"

Ndo hivyo hivyo. Ngozi inakuwa laini kwa sababu ina mafuta ndani yake. Sabuni kali inayatoa, jua linaisinyaza, ukikunja mguu inapasuka. Fundi alivilainisha kwa mafuta ya viatu, vikavalika tena. Ila nyufa zipo hadi leo. Ngozi ya kiatu haijiponyi kama ya mwili.

Sasa fanya hivi:

Toa kamba. Acha tope likauke, lipige brashi, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu. Usiloweke.

Vikilowa, jaza magazeti ndani na uyabadilishe yakishanyonya maji. Weka kivulini penye upepo, siku moja hata mbili. Jua na jiko, kaa navyo mbali.

Vikishakauka, paka mafuta ya viatu kidogo, yaache yaingie, ndipo upake kiwi na kupiga brashi. Kiwi, iliyoanza kuuzwa Australia mwaka 1906, ni nta. Kazi yake ni kung'arisha na kuzuia maji kwa juu, sio kulainisha ngozi iliyokauka. Na usiipake kwenye viatu vya manyoya, utaviharibu.

Usivivae siku mbili mfululizo. Jasho la mguu nalo ni maji.

Kilichomuuma zaidi jamaa ni kwamba baba yake alikuwa anafanya haya yote kila Jumapili jioni, barazani, yeye akipita tu na simu mkononi. Hakuwahi kumuuliza.

Kama mzee wako bado yupo na ana pea ya zamani inayong'aa, kamuulize leo. Halafu njoo utuambie hapa chini kakufundisha nini.