Safari ya Nkubu Kabla ya Mahari

Kabla ya safari hii sikuwa nimewahi kuvuka Thika. Mimi ni mzaliwa wa Ribe, nje kidogo ya Mombasa, na mchumba wangu ni Mmeru wa Nkubu. Mchungaji wao alitaka tuanze mafunzo ya ndoa kabla wazee hawajashuka pwani kuleta mahari, ambayo wao huiita ruracio. Basi alfajiri moja tukapanda matatu Nairobi, pale Tea Room.

Tulipita mashamba ya mpunga ya Mwea, tukaingia Embu, tukashuka Runyenjes kuwaona mume na mke watakaotusimamia siku ya harusi. Ni wakulima wa chai. Majani yao huenda kiwanda cha Rukuriri. Mama alitumiminia chai na papo hapo akaniambia, "Mwanangu, muulize huyu mapema bonasi itaingia akaunti ya nani."

Huku malipo makubwa ya chai, yaani bonasi, huja mara moja kwa mwaka, yapata Oktoba, na nyumba nyingi hugombana mwezi huo. Wapo wanaume wanaopotelea mjini na pesa ambazo mke ndiye aliyezichuma, jani kwa jani. Mume wa mama huyo aliitikia kwa kichwa. Wao wenyewe, akasema, walifungua akaunti ya pamoja baada ya mzee wa kanisa kuwakalisha chini, na tangu hapo karo ya watoto ndiyo hutoka kwanza.

Kutoka hapo barabara iliteremka bonde la mto Thuchi kwa kona kali, ikapanda Chuka, na jioni tukawa Nkubu. Mchungaji aliposikia ninakotoka alifurahi sana. Wamethodisti wenzake walianza kazi Ribe mwaka 1862, na ni mwaka 1912 walipofika Meru. "Binti yangu," akasema, "hapa si ugenini."

Kesho yake alitupa kila mmoja karatasi, akatukalisha mbalimbali. Tuandike mapato, madeni, watu wanaotutegemea na mahali tutakapoishi, kisha tubadilishane. Mimi niliandika mkopo wa sako, karo ya mdogo wangu, na kwamba nitaendelea na kazi yangu Mombasa. Mwenzangu aliandika kwamba tutajenga Nkubu na mama yake atakaa nasi. Mapenzi yetu yote yale, na hayo mawili hatukuwa tumeyagusa.

Mchungaji hakutuamulia. Alimtaka kila mmoja aeleze haja ya mwenzake mpaka mwenye haja aseme, "Ndivyo." Mwenzangu alirudia mara kadhaa kabla sijakubali kwamba amenielewa, na mimi vilevile. Kisha mchungaji akatueleza Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014: ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja, ya kimila inaruhusu mitala, na zote zinataka hiari ya watu waliotimiza miaka 18. Akatushauri pia tukapime virusi vya Ukimwi pamoja, na majibu tuyapokee pamoja.

Kwetu pwani, bibi harusi wa Kiswahili hufundwa na somo wake, yaani kungwi, bwana harusi akiwa hayupo. Naiheshimu elimu hiyo. Ila Nkubu niliona faida ya wawili kufundwa pamoja: ahadi iliyotamkwa mbele ya mtu wa tatu ina shahidi.

Tumewaomba wazee wasogeze mbele siku ya mahari mpaka tuafikiane kuhusu Mombasa na mama. Hawakukasirika. Mahari ikishapokewa na kamati ya harusi ikishaanza kuchangisha, ni wachache wanaothubutu kusema subiri. Wanaotaka kuishi pamoja kwa mtindo wa njoo-tukae nao wanayahitaji mazungumzo haya, tena zaidi, kwa kuwa hakuna mchungaji wala kamati itakayowauliza lolote. Hiari ambayo sheria inaidai haitimii kwa kupendana tu. Ni lazima kila mmoja ajue anachokubali.